Namba Mbaya ya Maman Patricie

Siku ya kwanza Ntawukuriryayo kumwona Maman Patricie, mama huyo alikuja kuomba simu.

Mvua ilikuwa inanyesha, na karakana ya useremala kule chini Cyangugu, karibu na daraja la kuvukia Bukavu, ilikuwa inavuja. Ntawukuriryayo alikuwa ameinama akipiga randa ubao wa kitanda. Akaona kwanza viatu vya plastiki vilivyojaa matope, kisha kitenge cha kijani kilicholowa hadi magotini, kisha uso mpana wa mwanamke wa makamo ambaye hakufanana na mtu wa kuombaomba.

"Papa, bonjour. Uniazime simu yako kidogo. Yangu habaiitike."

Watu walimwita fundi huyo Ntawu, kwa sababu, walisema, jina lake zima lilikuwa refu kuliko maneno anayosema kutwa. Alikuwa ametoka Mibirizi akiwa amemaliza shule ya msingi tu, na mkononi alikuwa na randa ya baba yake. Tangu hapo alizoea kuishi na mbao, ambazo hazimlazimishi mtu kujibu. Hakuuliza ni akina nani wasioitika. Alifuta mikono kwenye suruali, akampa simu.

Mwanamke akasogea mlangoni, akabonyeza namba, akangoja. Walipoitika, sauti yake ikabadilika, ikawa laini kama ya mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka ashtuke.

"Allô, Papa? Ni Bweyeye hapo? Muko bazima? Eh, tunamushukuru Mungu. Ni kwa ajili ya mama. Mama ni mugonjwa kidogo. Mukuje. Mukuje na muntu mukubwa mumoja, mujomba ao shangazi. Hapana, Papa, ni mugonjwa kidogo tu. Mukuje."

Akakata. Kisha akamrudishia Ntawu simu yake, na sauti yake ya kwanza ikarudi.

"Sasa, Papa, wewe ni fundi. Unaweza kunitengenezea sanduku? Alikuwa mama munene kidogo. Usimubane."

Ndipo Ntawu alipoelewa kwamba mgonjwa wa Bweyeye alikuwa ameshakufa, na kwamba mwanamke aliyesimama mbele yake ndiye yule mwenye gari la kubeba maiti.

Upande ule, mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Anaweza kuwa yuko kwenye pikipiki, au amembeba mtoto mgongoni, au anavuka mto. Anaambiwa tu kwamba mtu wake ni mgonjwa kidogo na aje na mkubwa mmoja. Kila mtu anajua maana yake. Lakini maneno yale humwachia mtu nafasi ya kufika kwa miguu yake mwenyewe, na kuanguka akiwa mikononi mwa watu. Maman Patricie aliyasema vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Nyungwe na ziwa. Waliofiwa hospitalini wakiwa peke yao, wasio na nguvu ya kuwaambia wenzao wa nyumbani, walimpa yeye kazi hiyo pamoja na kazi ya kusafirisha.

"Tena unaona, Papa Ntawu," alimwambia siku nyingine, akiwa amekaa juu ya rundo la mbao akila mhindi wa kuchoma, "mwenye kukimbilia mugonjwa wa kweli anafika leo leo, amevaa ndala. Ba kwangu banafikaka kesho, bote pamoja, na mikeka na masufuria. Bamevaa viatu."

Haikuwa kazi aliyoitafuta. Mume wake, Ladislas, alikuwa na basi dogo la kubeba maharusi. Bukavu, Kamembe, Bugarama, kote alikwenda, basi limefungwa riboni na honi haipumziki. Ladislas ndiye aliyeichagua namba ya simu. Alizunguka akitafuta namba tamu, namba ambayo mama mkwe mlevi anaweza kuikumbuka, akapata moja ambayo mwisho wake ulikuwa nne nne nne nne. Akaichora kwenye milango yote miwili ya basi na ukutani mwa ofisi, kila tarakimu kubwa kama sahani. Patricie, binti wa Bukavu aliyekuwa ameolewa ng'ambo hii, alimcheka: "Unafikiri watu ni vipofu?"

Kisha Ladislas akafa, ghafla, akiwa safarini Butare. Magari yote aliyoyaomba Patricie yalikataa kumbeba, maana hakuna mwenye gari la maharusi anayetaka maiti ndani yake. Basi akang'oa viti vya basi lao kwa mikono yake, akaenda na kijana wa dada yake, Delphin, aliyekuwa akijifunza udereva, wakamleta Ladislas nyumbani. Majirani waliona. Haukupita muda mrefu, mtu akaja kugonga: mama yake amefia Kigali, hakuna gari, na yeye Patricie analo. Akaja mwingine. Viti havikurudishwa tena. Maharusi hawakuita tena. Riboni zilioza ndani ya katoni, lakini namba ya Ladislas ilibaki mlangoni, tamu vilevile, na kila mtu aliikumbuka.

Ubaya wake ulianzia hapo.

Zile nne nne zikitokea kwenye kioo cha simu, mtu hakungoja kuitika. Alianza kulia. Wengine walizima simu, wakidhani kifo kikikosa mtu wa kukipokea kitarudi kilikotoka. Ndiyo maana Maman Patricie alikuwa akizunguka akiomba simu za watu. Maneno yake laini yalikuwa bado yako kinywani, lakini namba ilikuwa inamtangulia na kuyasema yote kabla yake.

Waendesha pikipiki wa pale darajani walimtania.

"Maman Patricie, salimia lakini usipige!"

"Simu yangu nimeifunga hadi Noeli, Maman!"

"Wewe sitakupigia," aliwajibu bila kugeuka. "Nitapigia ba kwenu."

Wakacheka sana, kisha kicheko kikafika mahali kikakwama, na mmoja akajifanya anaangalia gurudumu lake.

Kanisani, kwaya ya wamama ilipokusanya namba za simu za wanachama wote, kiongozi alipofika kwake akasema kwamba yeye ataambiwa tu baada ya misa. Hata Reine, binti yake pekee, aliyeolewa Bukavu na kuuza vitenge pale Nyawera, alimwambia, "Maman, ukipiga, roho yangu inakatika. Unitumie message kwanza." Ntawu alimwona mara nyingi akiandika kwa kidole kimoja, amekunja uso: *Ni mama. Hakuna muntu amekufa.* Halafu anangoja kidogo, ndipo anapiga. Mara nyingine Reine aliitika. Mara nyingine, hata na ujumbe ule, hakuitika.

Alivumilia hivyo kwa miaka, mpaka jambo la kofia.

Mzee Dusabimana wa Nzahaha alikuwa amemzika mke wake, na siku ya kumleta alipanda mbele karibu na Delphin. Akasahau kofia yake kwenye kiti. Ilikuwa kofia nzuri ya kijivu, ya kuvaa Jumapili. Maman Patricie aliiona alipokuwa akisafisha gari, akafurahi kuwa na habari njema ya kumpa mtu angalau mara moja, akachukua simu, akapiga bila kufikiri. Mzee alikuwa ameketi uani kwake. Alikuwa na mtoto wa kiume anayefanya kazi ya saruji Bugarama, kazi ya vumbi na mashine. Aliona nne nne nne nne. Hakulia. Alianguka tu ubavu, na tangu siku ile mdomo wake ulikwenda upande na mkono wa kuume haukuinuka tena.

Maman Patricie alipeleka kofia mwenyewe, Ntawu akimsindikiza, maana hakutaka kwenda na gari. Walimkuta mzee mkekani. Alipomwona, alifunika macho kwa mkono ule mmoja uliobaki. Mke wa mwanawe aliipokea kofia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Asante, Maman," akasema. "Lakini kofia ingeweza kungoja."



Mwaka huohuo mwenye nyumba akataka kubomoa ili ajenge ghorofa, na wote waliopanga pale chini wakaambiwa watoke. Maman Patricie alipata vyumba viwili Kamembe juu, nyuma ya stendi ya mabasi, na uwanja ambamo Ntawu angeweza kuhamishia karakana yake. Siku ya kufunga mizigo, Delphin alikuja na mkebe wa rangi nyeusi.

"Tantine, kule ukuta ni mukubwa. Nitaandika numero hata muntu wa kwenye basi aisome."

"Numero ile hatuhame nayo," alisema Maman Patricie.

Delphin akaweka mkebe chini. "Unasema?"

"Tunahama, natafuta numero ingine."

"Tantine! Ukiacha hii tutakufa njaa! Watu hawajui ofisi. Nani anajua biro yetu iko wapi? Banajua numero! Mwenye duka akihama anaacha mulango, anabeba jina. Sisi jina ni ile numero. Papa Ladislas aliitafuta..."

"Ladislas alitafuta numero ya harusi." Alikuwa akikunja pazia, na aliendelea kulikunja hata lilipokuwa limeshakunjika. "Delphin, mimi nataka numero mubaya. Numero yenye muntu akiiona hajui ni nani. Aseme allô. Aseme tu allô, mimi nimukute muzima."

Delphin akamgeukia Ntawu. "Fundi, sema kitu!"

Ntawu alifikiri kwa bidii. "Ukuta wa kule," akasema, "ni wa matofali mabichi. Rangi haitashika."

Delphin akaondoka akicheka kwa hasira.

Kwa hiyo ni Ntawu aliyemsindikiza kwenda kununua laini. Karibu na soko la Kamembe kulikuwa na msichana chini ya mwavuli wa njano, Umutoni, mwenye trei ya kadi na ulimi mwepesi. Alipojua ni namba ya biashara, akatoa nzuri zake.

"Maman, hii hapa, angalia! Tatu tatu, sita sita. Wateja wataiimba. Na hii je? Inakwenda na kurudi."

"Hapana. Nipe ile yenye watu bamekataa."

"Iliyokataliwa?"

"Mubaya kabisa. Yenye haina hata sura."

Umutoni akamtazama Ntawu kuona kama mama huyu ni mzima. Ntawu akaangalia viatu vyake. Msichana akafukua chini ya trei, akasoma moja kwa sauti. Maman Patricie akamgeukia Ntawu.

"Papa Ntawu, rudia."

Ntawu akairudia, polepole, yote.

"Hii si mubaya," Maman Patricie akasema. "Ingine."

Umutoni akasoma ya pili. Ntawu akajitahidi kuisahau lakini ilikuwa imeshaingia kichwani, akairudia yote. Ya tatu aliikumbuka mwanzo na mwisho. Watu wakaanza kusimama kuwasikiliza. Mwuza ndizi mmoja akauliza ni mashindano gani, na kama kuna zawadi. Masikio ya Ntawu yaliwaka moto, maana kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kutazamwa, na hapo alikuwa akifanyishwa mtihani wa hesabu mbele ya soko zima. Umutoni akasoma nyingine, namba kavu, yenye tarakimu zisizohusiana, kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Rudia."

Ntawu akafungua kinywa. Hakupata kitu.

"Hata mwanzo?"

"Hata mwanzo, Maman."

Maman Patricie akacheka. Lilikuwa jambo adimu, na Ntawu alilikumbuka kuliko namba zote za siku ile: alicheka kwa meno yote, akampiga begani mbele ya watu, akasema, "Njo hii, ndiyo yenyewe! Mubaya kama mukosi. Nipe hii, mutoto wangu."

Namba ya zamani haikutupwa. Delphin alisema kweli: wenye kufiwa walikuwa wakipiga nne nne, na lazima mtu aitike. Maman Patricie akaitia laini ile katika simu ndogo ya vitufe, akaifunga utepe wa kitambaa, akamletea Ntawu pale uwanjani.

"Hii ni ya kupokea tu. Kupiga nayo, hapana, hata siku moja. Ikilia, unaitika. Hata uko chooni, unaitika. Unasema pole sana, unauliza iko wapi, unaniita."

"Maman, mimi sijui kusema."

"Njo vizuri. Muntu amefiwa, hatake mwenye kusema mingi."

Ntawu, ambaye simu yake mwenyewe hakuitika kama hakujua ni nani anayepiga, akapachika simu ile kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Kila ilipolia alisimamisha msumeno. "Allô. Pole sana. Iko wapi?" Ilikuwa vigumu mwanzoni. Baadaye ikawa vigumu vilevile, ila aliizoea.

Namba mbaya ilifanya kazi yake. Watu waliiona, hawakuijua, wakaitika. Maman Patricie akapata tena kusema maneno yake hadi mwisho, na walioyasikia walifika kesho yake kwa miguu yao. Miezi ile alinenepa. Akaamua siku moja, pale ofisi mpya, akiwa na chai, kumpigia Reine bila kutuma ujumbe. Alimkonyeza Ntawu aliyekuwa akitengeneza bawaba ya mlango, akaweka simu kwenye spika.

"Allô?" Sauti ya Reine ilikuwa nyepesi, na nyuma yake wateja wakibishana bei. "Allô, ni nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mutoto wangu. Ni mama."

Kelele za wateja ziliendelea. Kisha Reine akauliza, polepole:

"Maman. Nani amekufa?"

"Hakuna muntu. Nilitaka kukusalimia tu."

"Sema tu, Maman. Nimekaa chini."

"Reine, hakuna muntu!"

"Unasema na ile sauti."

Maman Patricie alizima spika, akaongea kidogo, akakata. Chai ikapoa mbele yake. Ntawu alifunga bawaba, akaifungua, akaifunga tena, kwa sababu hakujua angeondokaje.

"Nilifikiri ni numero," alisema mwishowe, kama anaiambia chai.

Siku chache baadaye alimwomba Ntawu apige yeye, kwa sauti yake isiyojulikana. Ilikuwa familia ya Bugarama. Ntawu alishika simu, watu wakasema allô, allô, naye akasimama pale maneno yakiwa yamemkwama, hadi upande wa pili wakaanza kulia kwa kuelewa ukimya wake. Maman Patricie akamnyang'anya simu kwa upole. Hakumwomba tena.

Namba mbaya nayo ikazeeka. Hakuna aliyeikariri, lakini watu waliihifadhi kwenye simu zao baada ya mazishi, wakapeana, ikaanza kuogopwa. Akanunua nyingine kwa Umutoni, mbaya zaidi, na baada ya hiyo nyingine. Umutoni alizoea, akawa anamwekea mbaya zake kando. Delphin alisema wanahama ofisi kila msimu bila kutoka chumbani. Na Maman Patricie, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba na pumzi kumwishia ngazini, alikuwa na jibu lilelile: "Aseme tu allô."

Alianguka siku ya kazi, Delphin akiwa ameenda Kigali na gari. Majirani wa stendi walimkimbiza hospitalini. Ntawu alikuwa amekwenda kununua mbao, aliporudi akaambiwa amechukuliwa, na kabla hajafikiri la kufanya simu yake ikaita. Namba ngeni. Aliiangalia ikiita hadi ikanyamaza, kama alivyozoea. Ikaita tena. Ikanyamaza.

Kisha ile ya kwenye msumari ikalia.

"Allô. Pole sana. Iko wapi?"

"Bado, Papa Ntawu." Alikuwa anahema, lakini alikuwa anacheka. "Bado kwanza. Nilijua hii utaitika. Ni simu ya mama wa kitanda cha pili."

Ntawu akashika meza.

"Sikia. Reine nimemupigia, haitiki. Na akiitika, ni sauti yangu tena. Mupigie na simu yako. Mwambie niko hospitali, niko muzima, nataka nimuone leo. Hata saa hii. Avuke tu daraja. Umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

Kutoka Nyawera hadi darajani si mbali. Mtu mwenye haraka huvuka na kupanda Kamembe kabla chungu cha maharage hakijachemka. Ntawu akakaa chini, akajisemea maneno aliyopewa, akajisemea tena, akapiga.

"Allô? Ni nani?"

"Ni mimi. Fundi. Wa Kamembe."

"Fundi wa Maman?"

Maneno aliyopewa yalikuwa pale. Aliyaona. Lakini Reine alikuwa ameshikilia pumzi, na Ntawu alisikia ile pumzi iliyoshikiliwa, na ulimi wake uliotafuta njia ukapata ile moja iliyokanyagwa sana, ile aliyoisikia mlangoni siku ya mvua na siku zote tangu hapo.

"Maman ni mugonjwa kidogo," alisema. "Ukuje. Ukuje na muntu mukubwa mumoja."

Reine hakulia. "Asante, Papa," akasema, na simu ikawekwa juu ya kitu kigumu.

Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka kinywani mwa Ntawu bila kukwama. Alipovaa koti kwenda hospitalini alijisikia kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Reine alifika kesho yake mchana. Alikuja na mjomba wake Mulume aliyengojwa kutoka Walungu, na shangazi, na wamama wa soko la vitenge, na mikeka, na masufuria mawili makubwa. Maman Patricie alikuwa ametoka duniani alfajiri. Ntawu alikuwa amejaribu. Jioni iliyotangulia, alipotoka wodini, alisimama chini ya ukuta wa hospitali akapiga simu ya Reine tena na tena, na aliyeitika mwishowe alikuwa shangazi. Alimwambia kwamba mama ni mzima, kwamba anaongea, kwamba Reine aje sasa hivi. "Ndiyo, Papa," shangazi alimjibu kwa huruma, kama mtu anayemfunika mwingine blanketi. "Ndiyo, tumeelewa. Pole na wewe. Tunakuja bote kesho." Alirudia, akapandisha sauti, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Shangazi akamwombea Mungu ampe nguvu, akakata.

Alipiga simu hizo kwa sababu ya lile aliloambiwa kitandani.

Alipoingia wodini jioni hiyo, alimkuta Maman Patricie amelazwa nusu kukaa, mito miwili mgongoni, miguu imefunikwa kile kitenge cha kijani. Mama wa kitanda cha pili alijisogeza kuwapa nafasi. Ntawu hakujua aweke wapi mikono yake, akaishika reli ya kitanda.

"Ameitika?"

"Ameitika, Maman."

"Alisema allô? Vizuri?"

"Vizuri. Alisema allô, ni nani."

Alifumba macho kwa raha. "Na wewe ulisema. Wewe, Papa Ntawu! Ulimwambia namna gani?"

Akamwambia. Alimrudishia maneno yote, moja moja, kwa sauti laini ileile, kwa sababu alitaka ajue kwamba safari hii hakukwama.

Maman Patricie akafumbua macho. Hakukasirika. Akageuza uso kwenye dirisha, upande lilipo ziwa na Bukavu ng'ambo yake, taa zake zikianza kuwaka. Akautoa mkono chini ya kitenge, akauweka juu ya mkono wa Ntawu pale kwenye reli.

"Aa, Papa Ntawu," akasema. "Basi atakuja kesho. Amevaa viatu."